Porsche 911: tulilaumu taa, tukasahau dashibodi

Gari ambalo wateja wake hawataki libadilike sura ndilo gumu kuliko yote kulisanifu upya. Porsche 911 imebeba mzigo huo tangu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, ikiwa na taa za mviringo na paa linaloteremka taratibu hadi kwenye bampa la nyuma.

Toleo lililozua ugomvi mkubwa ni 996 la mwaka 1997. Kampuni ilikuwa ndiyo kwanza inajinasua kutoka katika miaka ya ukata, na ili kubana matumizi ikalipatia gari hilo milango na sehemu ya mbele sawa na za Boxster, ndugu yake wa bei nafuu. Taa kubwa na indiketa ya rangi ya machungwa vikawekwa pamoja nyuma ya kioo kimoja, na watu wakaviita mayai ya kukaanga. Jina hilo halijafutika hadi leo.

Kwa maoni yangu, lawama zile zilielekezwa kusikostahili. Taa huzioni ukiwa umeshika usukani. Unachokiona na kukigusa ni dashibodi, na dashibodi ya 996 ni ya plastiki ngumu ambayo ukiigonga kwa ukucha hujibu kwa mlio mkavu, mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Toleo la 997 liliporudisha taa za mviringo mwaka 2004, wengi walishangilia sura, ilhali mimi naona kazi kubwa zaidi ilifanyika ndani, ambako mistari ilinyooshwa na vifaa vikawa na uzito unaoridhisha mkono.

Kwa ubora wa bodi, 992, lililozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2018, liko mbele ya yote yaliyolitangulia. Chuma, ambacho katika toleo la kabla yake kilikuwa asilimia 63 ya bodi, kilipunguzwa hadi asilimia 30, na ukiacha mabampa, ganda lote la nje ni alumini. Pitisha ncha ya kidole pale mlango unapokutana na madigadi ya nyuma: mwanya ni mwembamba na una upana uleule kuanzia juu hadi chini, jambo lisilo rahisi kwa alumini, ambayo ni ngumu kuikunja kwa pembe kali bila kupasuka. Vitasa vinavyojificha ndani ya mlango na kuchomoza vyenyewe sivipendi (mota ndani ya kitasa ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika), ingawa nakiri kwamba ubavu wa gari umebaki safi.

Kinachonisikitisha ni mabadiliko ya mwaka 2024. Kipima mizunguko ya injini, chenye mshale halisi katikati ya dashibodi, kimeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na skrini. Skrini yenyewe ni angavu na imeungwa vizuri, wala sidai kwamba ni kazi ya ovyo. Ila mshale ule ulikuwa na kina, ukitupa kivuli chake juu ya tarakimu. Swichi ya kuwashia nayo imebaki kushoto kwa usukani kama desturi ya gari hili ilivyo, lakini haizungushwi tena kama ufunguo. Unabonyeza tu, kama unayeita lifti.