Hajiendekezi, Anaogopa

Jumapili iliyopita, katika kikao cha familia cha kupanga michango ya harusi, mjomba wetu mmoja alimgeukia binamu yangu na kumwambia mbele ya watu wote kwamba anajiendekeza. Tangu basi la mkoani alilopanda lipinduke, binamu hapandi gari lolote. Hutoka Manzese alfajiri na kutembea kwa miguu hadi Kariakoo, humu humu Dar es Salaam, kwenye biashara yake, huku mabasi ya mwendokasi yakimpita. Alipelekwa kwa mshauri nasaha, akaanza vizuri, lakini siku aliyotakiwa kuisimulia ajali yenyewe alifika getini, akasema kichwa kinamuuma, akageuza. Ndugu wakatoa hukumu: hataki kupona.

Hukumu hiyo imenichosha. Mwaka 1895, Sigmund Freud na Josef Breuer, madaktari wa Vienna, walikwisha kueleza jinsi wagonjwa wanavyopinga matibabu pale mazungumzo yanapokaribia kumbukumbu inayouma: mmoja hunyamaza, mwingine hudai hakuna lolote analokumbuka. Kwa hiyo anayegeuzia getini huenda ndiye aliyekaribia kidonda kuliko sisi tunaomcheka, na woga wake, hata ukituudhi, ndio uliomwezesha kuamka na kufungua biashara miezi yote hii. Maombi ya ndugu kwa ajili yake yaendelee, sina ugomvi nayo. Ila kikao hicho hicho kilipata fedha za keki na mshereheshaji, huku ada ya mshauri ikikosa mchangiaji.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mjomba ana hoja moja. Kukwepa hulisha woga: kila asubuhi binamu anapoamua kutembea, moyo wake hutulia, na utulivu huo humfundisha kwamba amesalimika kwa sababu hakupanda. Lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kumsukumia ndani ya basi. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini aliyechapisha kitabu kuhusu mbinu yake mwaka 1958, aliorodhesha hofu za mgonjwa kuanzia iliyo ndogo kabisa, akamfundisha kulegeza mwili, kisha akamtaka aiwaze kila moja kwa zamu. Hakugusa ya pili kabla ya kwanza kupoa. Hakuna mahali alipoagiza mgonjwa asutwe mbele ya mashemeji.

Kwa binamu, hatua ya kwanza inaweza kuwa kusimama kituoni Manzese saa nne asubuhi, msongamano ukiwa umepungua, na kuyaacha mabasi yapite hadi mapigo ya moyo yashuke; akiondoka woga ukiwa kileleni, atarudi na woga ule ule kesho yake. Siku nyingine apande kituo kimoja tu, akiwa na mtu wake pembeni. Mjomba amestaafu na nafasi anayo. Akimsindikiza, neno “jikaze” aliache nyumbani, na safari zikianza kurefuka, amuulize tu kama washuke kituo cha Mapipa au wasogee mpaka cha Fire.