SU7 Ultra na wanunuzi wa Kampala: tunabishania nguvu, tunasahau kufuli

Xiaomi, kampuni ambayo wengi wetu hapa Uganda tunaijua kwa simu zake, ilizindua gari la umeme la SU7 Ultra nchini China mwishoni mwa Februari 2025. Lina milango minne, mota tatu na nguvu farasi 1,548. Kampuni inasema linatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 1.98, na Juni mwaka huohuo ilitangazwa kwamba lilimaliza mzunguko wa uwanja wa mbio wa Nürburgring, Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 4.957. Bei yake ni yuan 529,900, ingawa Oktoba 2024 ilikuwa imetangazwa kuwa 814,900. Kwa shilingi yetu hiyo ni zaidi ya milioni 250, kabla hujalipia meli, usafiri kutoka Mombasa, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18.

Wanaolijadili Kampala, wenye fedha na wasio nazo, wamegawanyika. Wapo wanaoona muda wa Subaru, kipenzi cha wapenda kasi wa hapa, umekwisha, na wapo wanaosema kuleta gari kama hilo hapa ni kutupa fedha. Nimezipima hoja za pande zote mbili na nyingi zina uzito. Lakini lipo jambo ambalo pande zote zinalipita mbiombio, nalo kwangu ndilo linaloamua.

Wanaolitaka wana hoja moja ambayo hata wenyewe hawaitumii vya kutosha. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10, na injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, kwa sababu haiwezi kuchoma mafuta bila hewa inayoivuta. Ukipanda hadi Kabale, karibu mita 2,000, upungufu unakaribia sehemu moja ya tano. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo milima ya Kigezi haiipunguzii nguvu. Betri nazo hazipendi baridi kali wala joto kali. Nchini Norway, ambako magari mengi mapya yanayouzwa ni ya umeme, wenye magari hupungukiwa na masafa kila majira ya baridi. Usiku wa Kampala ni nyuzi 17 au 18, na mchana 27 au 28. Kwa maumbile yake tu, nchi hii inalifaa gari la umeme kuliko nchi nyingi zinazolisifia.

Kisha kuna umeme wenyewe. Sehemu kubwa unatoka kwenye mto Nile: Nalubaale na Kiira pale Jinja, Bujagali yenye megawati 250, Isimba yenye 183, na Karuma yenye 600 iliyozinduliwa rasmi Septemba 2024. Petroli yote tunainunua nje. Yuniti moja (kWh) ya Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa matumizi ya nyumbani ni kati ya shilingi 700 na 800. Gari kubwa la umeme likiendeshwa kwa utulivu linakula yuniti 20 hadi 25 kwa kilomita 100, yaani shilingi 20,000 ikizidi sana. Subaru ya turbo ikinywa lita 12 kwa umbali huo, na lita ikiwa karibu na shilingi 5,000, utalipa 60,000. Hesabu hii ina maana kubwa kwa taifa kuliko kwa mnunuzi, maana anayetoa milioni 250 hatafuti akiba ya petroli. Hata hivyo haiwezi kupuuzwa.

Wanaopinga huanza na barabara, na ni nani atawalaumu? Aprili 2023 wakazi wa Kampala walifanya maonyesho ya mashimo mtandaoni, kila mtu akiweka picha ya shimo la mtaa wake, mpaka serikali ikalazimika kujibu. SU7 Ultra ina uzito wa kilo zaidi ya 2,300, limekaa chini, na ubavu wa tairi zake ni mfupi juu ya rimu ya inchi 21. Barabara yetu bora kabisa, ile ya kulipia ya Kampala hadi Entebbe, mwisho wake kisheria ni kilomita 100 kwa saa. Gari linafika huko kabla hujamaliza kupumua. Na masafa? Kampuni inataja kilomita 630 kwa kipimo cha China, kipimo kinachojulikana kuwa cha ukarimu. Kwenda Jinja na kurudi si tatizo. Gulu, zaidi ya kilomita 330 kwa upande mmoja, inahitaji mpango. Arua inahitaji mpango na subira, kwa kuwa vituo vya kuchaji kwa kasi nje ya Kampala ni vichache. Nyumbani, ukiwa na laini ya kawaida, betri ya yuniti 93.7 itakuchukua usiku mzima na asubuhi, kama umeme haukukatika.

Mapenzi ya sauti ya Subaru nayapita haraka. Nayaheshimu, lakini ni suala la sikio, na halimalizwi kwa hoja.

Linalonikera ni jambo jingine. Mwanzoni mwa Mei 2025, miezi michache tu baada ya wanunuzi wa China kukabidhiwa magari yao, Xiaomi ilituma sasisho la programu lililopunguza nguvu za SU7 Ultra hadi farasi 900. Aliyetaka zile 1,548 alizolipia alitakiwa kwanza aende kwenye uwanja wa mbio uliotajwa na kampuni, aendeshe mzunguko kwa muda uliowekwa, ndipo afunguliwe. Wenye magari walikasirika, na kampuni ikasimamisha mpango huo. Katika siku hizohizo ukaibuka ugomvi wa boneti ya nyuzi za kaboni iliyouzwa kwa nyongeza ya yuan 42,000. Wanunuzi walielewa kwamba matundu yake mawili yanaelekeza upepo wa kupoza, wakaja kugundua kwamba kazi hiyo ni ndogo mno. Xiaomi iliomba radhi. Ambao hawajakabidhiwa magari wakaruhusiwa kuchagua boneti ya alumini, na waliokwisha kukabidhiwa wakapewa pointi 20,000 za kampuni.

Sasa lilete jambo hilo Kampala. Uganda haina uwanja wa lami wa mbio wa kiwango kile. Mashindano yetu ya magari, Pearl of Africa Rally, yanakimbizwa kwenye vumbi. Kama kufuli lile la nguvu lingebaki, mnunuzi wa Kololo au Muyenga angekuwa amelipia farasi 1,548 na kuishi na 900 maisha yote, na hakuna mlango hapa nchini ambao angeubisha. Boneti unaiona kwa macho na unaweza kuidai. Programu inabadilishwa usiku gari likiwa limeegeshwa, na aliyeibadilisha yuko Beijing.

Kampuni ilikuwa na utetezi, na naupa nafasi yake: usalama. Nguvu farasi 1,548 mikononi mwa mtu aliyezoea Corolla ni hatari ya kweli. Oktoba 2025, mjini Chengdu, SU7 Ultra iligonga na kuwaka moto, na picha za watu wakihangaika kufungua milango kumwokoa dereva zilizunguka dunia nzima. Dereva alikufa. Mtu akiniambia gari la namna hii lisiuzwe bila mafunzo, au liuzwe likiwa na nguvu ndogo zinazoongezwa kadiri dereva anavyojifunza, nitamsikiliza. Lakini sharti hilo liwekwe mezani kabla ya fedha kutoka, mnunuzi alisome na alikubali au aondoke. Kulipachika baada ya malipo ni kumpunguzia mtu mali yake.

Hapa ndipo historia yetu ya magari inaponitia wasiwasi zaidi. Sisi ni watu wa magari yaliyotumika. Gari linatoka bondi, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa, likiwa na miaka kumi na kitu, na linaishi mingine kumi kwa sababu fundi wa Kisekka au Ndeeba analijua hadi nati ya mwisho. Hiyo ndiyo waranti ya Mganda wa kawaida. Injini ya Subaru inafunguliwa bila kuomba ruhusa Japani. Gari ambalo nguvu zake, chaji yake na pengine hata milango yake vinaendeshwa na programu ya mtengenezaji linamweka fundi huyo pembeni. Mwenye fedha wa leo anaweza kustahimili. Atakayelinunua mkononi mwake baada ya miaka minane, na huyo ndiye mnunuzi halisi wa Uganda, atakwama.

SU7 Ultra limetengenezwa kwa ajili ya China: usukani uko kushoto, soketi ya kuchaji ni ya kiwango cha kule kiitwacho GB/T, na hapa Xiaomi haiuzi magari. Dalali anayekuahidi kulileta anakuuzia gari, hawezi kukuuzia huduma. Kwa anayetaka kasi ya umeme, Hyundai Ioniq 5 N ya 2023 inaeleweka zaidi. Ina nguvu farasi 641 kwa muda mfupi na betri ya yuniti 84, inapatikana ikiwa na usukani kulia, na inaiga hata gia na mngurumo kwa wasioweza kuishi bila hivyo. Bado si rahisi, na bado rimu zitalia.

Kuna wanaosema tuwaache matajiri watangulie, maana vituo vya kuchaji vitafuata fedha zao. Siikubali hoja hiyo. Bodaboda za umeme zinazobadilishiwa betri mitaani zimewafundisha Waganda umeme wa barabarani kuliko gari lolote la spidi, na mabasi ya Kayoola ya Kiira Motors, kampuni iliyochipuka kutoka Makerere na gari lake la kwanza la umeme la 2011, yanahitaji vituo hivyohivyo kila siku ya kazi. Magari ya matajiri yanachajiwa nyuma ya geti.

Kwa hiyo aliye tayari kulipa namshauri aidai karatasi kabla ya kulipa: kwamba nguvu, masafa na kasi ya kuchaji havitapunguzwa bila idhini yake; kwamba fundi wa nje ya kampuni atapata vifaa vya kusoma hitilafu; kwamba spea na programu vitaendelea kutolewa kwa miaka inayotajwa kwa tarakimu; na kwamba haki zote hizo zinamfuata atakayelinunua gari baadaye. Muuzaji akikataa kuweka saini, shilingi milioni 250 zibaki benki.