Wafungwa Wetu Walio Ukraine Warudishwe Nairobi, Si Moscow

Kuna kipengele kimoja katika mpango wa Marekani wa kumaliza vita vya Ukraine kilichonitia wasiwasi kuliko mabishano yote ya mipaka. Rasimu ya vipengele 28, iliyojadiliwa Geneva Novemba 2025, ilitaka wafungwa wa vita waliobaki wabadilishwe wote kwa wote. Ukisoma haraka utasema ni jambo la heri. Lakini Mkenya aliyekamatwa akiwa na sare ya Urusi, siku ya kubadilishwa atapelekwa wapi? Atakabidhiwa Urusi, mikononi mwa jeshi lilelile lililompeleka mstari wa mbele.

Serikali yetu inapaswa kulisema hili waziwazi, na mapema.

Mwezi huohuo, Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi alisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi. Kwetu huku, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Kakamega, kijana akiambiwa kuna kazi ya ng'ambo yenye mshahara mnono, familia nzima huchanga. Waliorudi wanasimulia walivyoahidiwa kazi za kawaida, kisha wakawekewa mbele mkataba wa Kirusi wasioweza kuusoma. Septemba 2025 polisi walikuta watu zaidi ya 20 katika nyumba moja Athi River, wakingoja kusafirishwa.

Wapo wanaosema hao walijipeleka kwa tamaa, ni mamluki, wavune walichopanda. Sikubali hata kidogo. Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva haimhesabu kuwa mamluki mtu aliyesajiliwa katika jeshi la upande unaopigana. Huyo ni mfungwa wa vita, mwenye haki zake. Na hata angekuwa amekwenda kwa hiari yake, mama yake anaendelea kuwa mlipa kodi wa Kenya.

Tazama pia Ukraine na washirika wake wenyewe walivyokaa. Marekani iliandika mpango huo, Ulaya ikalalamika kwamba haikushirikishwa, Ukraine ikahangaika kubadilisha masharti. Ikiwa Ujerumani na Ufaransa zililazimika kupigania nafasi ya kusikika, nani atamtaja kijana wa Bungoma bila kuombwa? Mei 2025, baada ya mazungumzo ya Istanbul, kila upande uliachilia watu 1,000 kwa siku tatu. Kwa hiyo watu hubadilishwa hata risasi zikiendelea kulia. Ila hubadilishwa kwa orodha, na orodha huandikwa na pande mbili ambazo Kenya si mojawapo.

Sisi wa Nakuru tunalipita kila mara lile kanisa dogo la Wataliano kwenye mteremko wa Mai Mahiu, lililojengwa na wafungwa wa vita mwaka 1942. Italia ilisalimu amri Septemba 1943, na mwezi uliofuata ikatangaza vita dhidi ya Ujerumani, yaani ikawa bega kwa bega na Uingereza iliyowashikilia vijana wake. Hata hivyo wengi waliokuwa Kenya waliendelea kungoja hadi vita vilipokwisha, wengine hadi 1946. Hao walikuwa na serikali inayozungumza na waliowafunga. Wetu je?

Mkataba wa Tatu wa Geneva, kifungu cha 117, unakataza mfungwa aliyerudishwa kutumwa tena vitani. Nani atasimama huko kuhakikisha hilo kwa Mkenya asiye na ndugu Urusi?

Kwa hiyo namsihi Bw. Mudavadi, ambaye ni mtu wa Vihiga na anazijua familia hizi: azungumze na Kyiv moja kwa moja, wafungwa Wakenya watolewe kwenye hesabu ya Urusi na wapandishwe ndege ya Nairobi, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ikishuhudia. Nazo familia zisijifiche kwa aibu. Pelekeni jina kamili, nakala ya pasipoti na ujumbe wa mwisho wa simu kwa Wizara ya Mambo ya Nje, na pia kwa Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambao una huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana vitani.