Mwandishi wa skripti anajifunzia wapi?

Mgomo wa waandishi wa skripti wa Marekani ulidumu siku 148 mwaka 2023, na hadi leo wapo wanaosema watu wale walikuwa wameshiba wakaikataa neema. Hoja hiyo haikosi mashiko. Mwaka 2022 tamthilia na vichekesho vyenye skripti vilivyorushwa huko vilikaribia 600, idadi ambayo haikuwahi kuonekana. Waandishi ambao vituo vya zamani visingewapokea hata simu walipata nafasi. Na msimu wa episodi 8 una uzuri wake, maana hadithi haitiwi maji ili ifike episodi 22. Majukwaa ya kutazama tamthilia mtandaoni nayo yalikuwa yametumia fedha nyingi kuvuta wateja, na wawekezaji walianza kudai faida. Kubana matumizi lilikuwa jambo la kutarajiwa.

Bado kuna takwimu moja ambayo siwezi kuipita. Kwa hesabu za chama chao, WGA, karibu nusu ya waandishi wa tamthilia walikuwa wakilipwa kima cha chini, wakati miaka kumi hivi nyuma walikuwa theluthi moja. Ni takwimu ya mgomaji mwenyewe, sawa, lakini itazame vizuri. Kima cha chini kiliwekwa ili anayeanza asipunjwe. Mwenye uzoefu alitakiwa akipite, kisha mwingine aingie nyuma yake. Sasa wengi wa waliopanda walijikuta wamerudishwa pale pale walipoanzia. Tena kima chenyewe huhesabiwa kwa wiki, na wiki ndizo zilizopungua. Msimu wa episodi 22 ulimweka mtu kazini sehemu kubwa ya mwaka. Msimu mfupi ulimwacha miezi mingi akitafuta kazi nyingine. Ukimwambia mtu huyo kwamba tamthilia zimeongezeka, umemwambia habari za nyumba ya jirani.

Pesa hata hivyo ni nusu tu ya jambo. Waandishi wa tamthilia hukaa pamoja kuiandika, na kikundi hicho huitwa chumba. Katika kile walichokiita chumba kidogo, waandishi wachache waliitwa kabla tamthilia haijaidhinishwa, wakaandika wiki kadhaa, wakaagwa. Kamera ilipowashwa hawakuwepo. Na kazi hii mtu huijulia lokesheni, pale panaposhutiwa. Mwigizaji anautamka mstari mara ya tatu, bado unamkwama. Mwandishi aliyesimama nyuma ya skrini ya mwongozaji anafuta maneno manane, anaacha mawili, na onyesho linapita. Au mvua inanyesha, ugomvi wa barabarani unahamia ndani ya gari, na ukurasa mzima unaandikwa upya watu wakisubiri. Kijana anayeyaona hayo anaelewa kwa nini ukurasa mmoja, ambao kwa kawaida ni kama dakika moja ya picha, unaweza kula nusu siku ya kushuti. Darasani utaambiwa, ila hutauhisi uzito wake. Asiyekuwepo na lake halipo. Kisha miaka inapita, studio zinalalamika kwamba hazipati mtu wa kukabidhiwa tamthilia nzima. Wangempata wapi?

Mkataba uliomaliza mgomo uligusa hilo. Chumba cha maandalizi, kile cha kabla ya kuidhinishwa, kikishafika waandishi watatu, kila mmoja anahakikishiwa wiki 10, na wakati wa kushuti wawili wanabaki kazini hadi wiki 20. Waliopinga sharti la idadi ya chini ya waandishi walisema hadithi nyingine ni za kichwa kimoja, haziandikwi kwa halaiki. Ni kweli, na mkataba unalikubali: mwandishi mmoja akiandika msimu mzima peke yake, sharti la idadi halimgusi.

Kinachonisumbua ni kwamba kinga hii imefika wakati kazi zenyewe zinapungua. Mwaka 2023 tamthilia zilishuka hadi 516. Nafasi zikiwa mbili tu lokesheni, mkuu wa chumba mwenye haraka atawachukua anaowaamini, yaani wazoefu. Ningekuwa mezani pa mazungumzo yajayo, ningedai nafasi moja kati ya hizo iandikwe waziwazi kuwa ya yule wa ngazi ya chini kabisa.