Beseni la Mchanga Kwanza, Olkaria Baadaye

Jumapili iliyopita nilienda kumwona shangazi yangu kule Kitengela na kitu cha kwanza alichonionyesha ni shimo. Mita 220 kwenda chini, limefunikwa na kipande cha bati na jiwe juu yake, na ndani hakuna hata tone. Kijana aliyempimia alikuwa ametoka chuo juzi tu, jiofizikia kabisa, ile elimu ya kupima kilicho chini ya ardhi bila kuchimba, akaja na mashine ya kukodi, akapima mahali pamoja, akaingiza data kwa kompyuta, grafu ikatoka nzuri, na huko chini rizistiviti, yaani jinsi ardhi inavyokataa umeme kupita, ikashuka, kitu ambacho maji pia hufanya. Akamwambia, "Mama, maji iko hapa." Rigi ya kuchimba ikaitwa. Kilichotoka ni udongo wa mfinyanzi, wa kijivu, mwororo, ukiufinya unanata vidoleni.

Tangu niushike huo udongo nina hasira, na hata si kwa huyo kijana, ni kwa sisi tunaofundisha jiofizikia. Maanake udongo wa mfinyanzi unapitisha umeme karibu sawa na mchanga uliojaa maji, kwa hivyo rizistiviti ikishuka bado hujajua kama umepata maji au umepata tope. Kila mwanafunzi ameliandika hilo kwa daftari na kwa mtihani akalijibu sawa. Lakini hakuna siku limewahi kumdanganya yeye mwenyewe, mbele ya macho yake. Mara ya kwanza kudanganywa ilikuwa kwa pesa ya shangazi yangu.

Sasa nieleze kitu ambacho nimekiona kikifanya kazi. Unachukua beseni kubwa la plastiki, na nasema plastiki kwa sababu mara ya kwanza tulitumia karai la mjengo, umeme wote ukawa unapitia kwa chuma na tukashinda asubuhi nzima na namba zisizo na maana. Unajaza mchanga wenye unyevu. Misumari minne kwa mstari, sentimita tano tano, betri ya boda ya volti 12 inapeleka mkondo kwa ile miwili ya nje na multimita inasoma volti kwa ile miwili ya katikati. Basi. Hiyo ndiyo Wenner, mpangilio wa elektrodi nne zenye nafasi sawa, wanayoichora ubaoni kila mwaka. Mkondo ukiwa miliampia 10 na volti 1.2, unapiga mbili mara pai mara nafasi ya misumari kwa mita mara volti gawa kwa mkondo kwa ampia, unapata rizistiviti ya kama omu-mita 38. Unasogeza misumari, unapima tena, unasogeza.

Kabla hawajaingia mimi huwa nimezika kitu. Wakifika kwa kile kitu, volti inateremka hadi 0.5, rizistiviti inakuwa 16 hivi, na chumba chote kinapiga kelele "maji! maji!" Kuna msichana mmoja mwaka jana aliniapia kabisa kwamba nimemwaga maji ya chumvi pale. Nikampa kijiko, nikamwambia achimbe. Akakuta kibonge cha udongo wa mfinyanzi. Alinyamaza muda mrefu sana akikigeuzageuza, halafu akauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa nikifundisha kwa slaidi: "Sasa nikiwa huko nje, nitajuaje?"

Hapo ndipo somo linaanza. Unamwambia habari ya kupima zaidi ya mahali pamoja, kuangalia visima vya majirani vilitoa nini, kujua miamba ya eneo kabla ya kufungua mashine, na anasikiliza kwa sababu tayari amekosea. Uwanjani huwezi kumpa kijiko achimbe mita 220.

Na wengine watasema si tunawapeleka uwanjani kupima, si Olkaria kwenye mvuke wa ardhini, si Suswa kwenye volkano. Ndio mnawapeleka, na ni vizuri, Bonde la Ufa liko mlangoni na mtu asiyewahi kukokota kebo kwa jua kali hajakamilika, mchanga wa beseni hauna mteremko wala kelele za malori. Hilo nakubali. Lakini semeni ukweli jinsi hiyo siku inavyoenda, basi moja, wanafunzi 60, mashine moja ya bei ya gari, fundi wa maabara ndiye anabonyeza kwa sababu ikiharibika ni yeye, watatu wanapigilia elektrodi, waliobaki wanapiga picha. Jioni wanarudi mjini na hakuna aliyejua kama kilichopimwa ni kweli au si kweli.

Vitu vingine pia vinawezekana ndani ya chumba. Simu nyingi walizo nazo zina kipimo cha sumaku, hapa Nairobi inasoma karibu mikrotesla 33, ipitishe juu ya meza iliyofichwa nondo chini yake uone namba zinavyoruka. Sumaku kwa springi ndani ya koili ni jiofoni, kifaa cha kusikia mtetemo wa ardhi, na koili zimejaa kwa maduka ya vifaa vya umeme barabara ya Luthuli.

Kwa hivyo msiniambie hakuna bajeti. Beseni, mchanga, misumari, multimita mbili, betri. Kinachokosekana ni saa mbili kwa ratiba, na mwalimu aliye tayari kuulizwa maswali asiyoyatarajia, kama ule mtoto aliyeona volti inateleza polepole akiitazama, tukagundua pamoja ni misumari inajikusanyia chaji, ukigeuza waya na kupima tena unachukua wastani.

Shangazi bado ananunua maji ya lori. Nikitoka alinifungia kibonge cha ule udongo kwa kopo la rangi. Jumatatu kinaingia kwa beseni, na sitawaambia kimetoka wapi mpaka wachimbe.