Rangi na Mng'ao ni Kesi Mbili

Sebuleni kwangu kuna bakuli la mwembe lililokerezwa vizuri, yaani lilichongwa mti ukizunguka kwenye mashine, kuta zake nyembamba kama kifuu, nalo limetiwa buluu. Si buluu ya aibu aibu, ni ile ya kanga mpya. Juu yake fundi alipiga vanishi hadi ukiinama unaona meno yako. Wageni wakifika hugawanyika hapo hapo. Wengine hulishika, wakaligeuza kitako juu, wakauliza nani kalitengeneza. Wengine hutikisa kichwa: "Mti mzuri hivi, mmeufanya ndoo ya plastiki?"

Ugomvi huu ni mkubwa kuliko sebule yangu. Huko Marekani, wakerezaji wa karne iliyopita kama James Prestini na Bob Stocksdale walijenga ladha ya bakuli jembamba, la umbo tulivu, ambalo sifa yake yote ni mbao yenyewe. Kisha akaja Giles Gilson na vyombo vilivyopigwa laki, vanishi ngumu ya kung'aa kama bodi ya gari. Merryll Saylan naye akaingiza rangi pale ambapo watu walitarajia mistari ya mti. Baadaye Binh Pho, mzaliwa wa Saigon, akawa anapulizia picha nzima za rangi kwenye vyombo vyembamba alivyovitoboa matundu. Mabishano yaliyofuata yangali hai popote penye mashine ya kukereza.

Kosa la mabishano hayo, kwa maoni yangu, ni kushtaki vitu viwili kwa faili moja. Rangi ni jambo moja, mng'ao ni jambo jingine, na ushahidi wa kila kimoja ni tofauti.

Nianze na rangi. Wanaoikataa wana hoja nzito kuliko ile ya "haipendezi". Wanasema rangi huficha. Chini yake panaweza kuwa na gundi, unga wa mbao uliojazwa kwenye ufa, au mti usio ule uliotajwa. Huku kwetu hoja hii haihitaji shahidi. Nani hajauziwa "mpingo" uliopakwa kiwi? Mimi nimeuziwa kikopo cha kalamu ambacho nilikifuta kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kikatoka cheusi na kikopo kikabaki na mabaka ya njano. Ningekipima mkononi kwanza ningejua: mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama, na kile kikopo kilikuwa chepesi kama kasha la kiberiti.

Lakini tuangalie kosa lilikuwa wapi. Ni ule weusi uliojiita mpingo. Bakuli langu la buluu halijiiti kitu, maana hakuna mti wenye buluu kali hiyo. Anayelinunua anajua kuwa ananunua kazi ya mkono na rangi ya kopo. Kwa hiyo rangi kali, ile inayowaudhi watu zaidi, ndiyo isiyodanganya. Ya kuogopa ni hudhurungi ya upole inayougeuza mti wa bei ya chini kuwa mninga.

Halafu kuna hii ya "rangi ya asili". Mti uitwao padauk hutoka kwenye mashine ukiwa wa rangi ya chungwa, na baada ya muda kwenye mwanga unakuwa kahawia. Ile mbao ya zambarau ya Amerika Kusini nayo huishia kahawia. Anayekataa rangi ya kopo kwa kuwa itapauka, ajue hata ya Mungu inapauka. Ni kweli kwamba rangi nyingi za dukani hupauka upesi zaidi, na chombo chenye nyekundu kikiwekwa dirishani kinaweza kugeuka waridi la kuchoka. Hilo nawapa.

Kiswahili chenyewe kimeshatenganisha mambo ambayo wabishi huyachanganya: kuna kupaka rangi na kuna kutia rangi. Ukipaka, umeuvika mti nguo. Ukitia, rangi imeingia ndani ya nyuzi. Ukindu wa mikeka hutiwa rangi kwa kuchemshwa, zambarau, kijani, nyekundu ya moto, na sijawahi kusikia mtu akilalamika kuwa mkeka umeacha kuwa ukindu. Mbao ina kanuni hiyo hiyo. Mkerezaji anayejua kazi huchukua mti wenye nyuzi za mawimbi, akautia nyeusi chombo kizima hadi unadhani amekiharibu. Kikikauka anakipitisha msasa. Nyeusi inaondoka sehemu ngumu, inabaki pale nyuzi zilipofungua midomo na kunywa rangi. Halafu anatia njano, anapitisha msasa laini, anatia nyekundu. Mwishoni mawimbi ambayo yalikuwa kivuli tu yanasimama, na ukigeuza chombo yanatembea kama jua juu ya maji. Huyo ameuficha mti au ameusemesha?

Hoja ya msitu nayo ipo. Jamii yote ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, iliwekwa chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuanzia Januari 2017. Nchini Kenya, muhugu, mti wa wachonga vinyago, ulipoadimika, mafundi walihamia mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Mwembe uliochoka kuzaa hukatwa kuwa kuni. Mbao yake ni ya kawaida, ya kijivujivu, na mara nyingine ina madoa. Ukiiacha tupu, mnunuzi anaipita. Ukiitia rangi kwa ustadi, inasimama rafu moja na miti iliyochukua miongo mingi porini. Wanaosema "acheni mti uwe mti" wengi wao huwa na mti wa kifahari mkononi.

Wala tusijidai kuwa rangi ni ugeni. Wakerezaji wa Siyu na Lamu walitengeneza vitanda vyenye miguu ya kukereza, vimepigwa laki nyekundu, nyeusi na njano. Channapatna kule India wanafanya hivyo hadi leo: kipande cha laki yenye rangi hubanwa kwenye mti unaozunguka, msuguano unakiyeyusha, rangi inajipaka yenyewe. Kisha hung'arishwa kwa jani kavu la mmea wa jamii ya mkadi. Ndiyo, mkadi huu huu ambao maua yake bibi zetu waliyaweka kwenye nguo.

Basi rangi naiachia huru. Mng'ao ndio unaonipa taabu.

Wapenzi wa mng'ao watasema, na ni kweli, kwamba hauwafai wavivu. Mafuta ya kupaka husamehe. Vanishi ya kioo haisamehe: mkwaruzo mmoja wa patasi ulioachwa kwenye msasa namba 120 utaonekana kutoka mlangoni. Anayeng'arisha vizuri amefanya kazi maradufu.

Shida ni kwamba mti hautulii. Masika unanywa unyevu na kutanuka, kiangazi unajikaza, na hutanuka zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake, kwa hiyo bakuli la duara huwa yai bila kumwambia mtu. Ngozi nene na ngumu ya vanishi haiwezi kufuata mchezo huo. Inapasuka mdomoni au pembeni mwa kitako, maji yanapenya chini yake, inafanya ukungu mweupe, inaanza kubanduka. Na hapo huwezi kuweka kiraka, lazima uibandue yote. Chombo cha mafuta au nta ya nyuki kikichoka unakifuta kwa kitambaa, dakika kumi yamekwisha. Ile laki ya Channapatna haipendi joto wala spiriti, lakini ikichubuka inaweza kurudishwa kwenye mashine ikayeyushwa tena.

Waliofaulu na mng'ao mzito waliushughulikia mti kwanza. Ed Moulthrop, msanifu majengo wa Atlanta, alikereza mabakuli makubwa yanayong'aa kama kioo, lakini kabla ya hapo aliyaloweka kwenye kemikali ya PEG inayoingia ndani ya mbao na kuizuia isijikunje. Warusi wa Khokhloma hukereza vyombo vya mti laini, wakavisugua kwa unga wa bati au alumini, wakapiga mafuta yanayokauka yakawa magumu na kuviingiza kwenye joto la tanuri mpaka ule ufedha unageuka dhahabu, na watu wanavilia chakula. Wajapani nao wana vyombo vya Negoro: laki nyekundu juu ya nyeusi. Mikono ikivishika miaka na miaka, nyekundu inalika na nyeusi inachungulia, na thamani inapanda. Huo ni mng'ao uliokubali kuzeeka. Vanishi ya kopo la dukani haijui kuzeeka. Inajua kuharibika tu.

Chombo cha kuwekwa kabatini na kutazamwa, sina ugomvi nacho, kioo chake kibaki. Kile kitakachopitiwa na kijiko, kisu au maji ya kuoshea, ngozi nene haina kazi pale.

Bakuli langu lilithibitisha hayo masika ya pili. Mdomo ulitoka mabaka meupe, kisha vanishi ikaanza kuchanika kama ngozi ya kitunguu. Niliikwangua kwa kipande cha chupa, nikamalizia kwa msasa, nikitarajia mbao ya kijivu ya mwembe. Buluu ilikuwapo bado. Imefifia mgongoni, imekolea kwenye nyuzi, kama kanga iliyofuliwa mara hamsini. Nikalipaka mafuta. Siku hizi nawekea ndimu, na yule mgeni wa "ndoo ya plastiki" ameshaniuliza mara mbili kama naliuza.