Mjane hafanyi matembezi nyuma ya jeneza

Juzi nilipewa insha ya Kiingereza niipitie. Inahusu mazishi, na aliyeiandika ni mwanafunzi mwenye kipaji cha kweli: anajua panapotakiwa kunyamaza, anajua kumwonyesha msomaji leso inavyokunjwa na kukunjuliwa mikononi mwa mfiwa. Halafu, msafara ukiwa njiani kwenda makaburini, akaandika kwamba mjane "strolled" nyuma ya jeneza. Nikarudia kusoma. Yule mama ambaye sentensi moja kabla alikuwa ameshikiliwa huku na huku asianguke, sasa yuko kwenye matembezi ya jioni, anapunga upepo.

Nilipomuuliza neno hilo amelitoa wapi, akanionyesha orodha. Mnazijua hizi orodha, zimejaa kwenye simu na madaftarini: maneno ya kutumia badala ya "walk". Chini yake zimepangwa "stroll", "saunter", "amble", "stride", "march", "trudge", "plod", "strut", "shuffle", moja baada ya jingine, bila maelezo hata ya nusu mstari. Mtoto ameambiwa asirudie neno, basi anachukua lolote lililo karibu. Simlaumu hata kidogo. Aliyetunga orodha ndiye aliyemdanganya, na uongo wenyewe umo katika hayo maneno mawili, "badala ya".

"Walk" lenyewe halisemi mengi. Miguu inapishana, na kila wakati angalau mmoja uko chini. Ukiinuka yote miwili, umeshaanza kukimbia. Majaji wa mashindano ya kutembea kwa kasi wanamwangalia mwanariadha kwa macho yao kuona kama amevuka mpaka huo. Lakini ukishatoka kwenye "walk" ukaingia kwenye hayo mengine, unatoa ushahidi. Unasema mwili una hali gani, ardhi ikoje, na mara nyingi unasema pia wewe unamwonaje huyo anayekwenda.

Chukua "trudge". Ndani yake mna uchovu na njia isiyo na huruma: matope, mchanga mzito, mlima usiokwisha. Mguu hautoki wenyewe, unang'olewa. Anayekwenda hivyo angekuwa na hiari angeketi. "Plod" nalo ni zito na la polepole, lakini limebeba ustahimilivu. Mtu huyu hana haraka, hasimami, na huenda hana huzuni yoyote. Ndiyo maana wenye lugha hulitumia pia kwa kazi inayosogea taratibu bila kukoma. "Shuffle" ni habari ya nyayo: haziachani na ardhi, na unasikia mburuzo wa kandambili kabla hujamwona mwenye miguu. "Limp" mara nyingi ni mguu mmoja wenye maumivu au kasoro, mwendo unaolalia upande. "Hobble" ni shida zaidi ya hapo, hatua fupi fupi za mtu anayeumia au aliyefungwa miguu. Kwenye "stagger" mizani imepotea, awe mlevi, aliyepigwa, au aliyebeba mzigo uliomzidi nguvu. Kwenye "totter" mizani ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, kama ya kikongwe au ya mtoto anayejifunza kusimama.

Nilimwuliza mwandishi wetu swali moja tu: "Mwanangu, miguu ya yule mama ilikuwaje?" Akafumba macho kidogo. "Ilikuwa haiinuki, Mwalimu. Alikuwa anaiburuza, viatu vinachora mchangani." Basi ni "shuffled". Neno lilikuwemo kwenye orodha ileile, na alikuwa amelipita kwa sababu hakuna aliyemwambia lina nini ndani.

Yapo maneno yanayotoa hukumu kabisa. "Saunter" ni mwendo wa starehe kama "stroll", ila mara nyingi unabeba kutojali. Ukilitumia kwa mtu aliyechelewa kikao, umeshamshtaki. "Strut" ni mwendo wa maringo, kifua mbele, na mara nyingi anayelitumia hapendezwi na anachokiona. Mwandishi wa habari akisema watu walitoka "marched" na mwingine akasema walitoka "drifted", wasomaji wameona makundi mawili tofauti: moja lina nia, jingine halijui liendako. Nguvu hii si dhana yangu. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer walichapisha utafiti uliofanywa Marekani: watu walionyeshwa filamu za ajali za magari, kisha wakaulizwa yalikuwa na kasi gani. Walioulizwa kwa kitenzi "smashed", yaani yalipogongana kwa kishindo, walikadiria kwa wastani zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kwa "contacted", yaani yalipogusana tu, walikadiria chini ya 32. Kilichobadilishwa katika swali ni kitenzi.

Nakubali, orodha zina faida moja: zinamjulisha mtoto kwamba maneno hayo yapo. Faida inaishia hapo.

Kinachoniuma zaidi ni kamusi zinazoandika "tembea polepole" mbele ya mengi ya maneno haya ya Kiingereza, kisha watu wakahitimisha kwamba Kiswahili ni maskini. Tuna chechemea, pepesuka, jikongoja, jikokota, nyata, nyemelea, zurura, randaranda, sota, tambaa. Hakuna mzungumzaji anayechanganya mtu anayenyata na mtu anayejikongoja. Anayezurura tumeshamhukumu kwa kitenzi hichohicho.

Tofauti kubwa iko kwenye mpangilio, na hili ndilo lingefaa kufundishwa wiki ya kwanza. Leonard Talmy, mwanaisimu wa Marekani, alilieleza vizuri mwaka 1985: lugha kama Kiingereza hutia namna ya mwendo kwenye kitenzi na kuacha njia kwa kineno kidogo cha pembeni, wakati lugha kama Kihispania hutia njia kwenye kitenzi. Sisi kwa kawaida tuko upande wa pili. Tunasema "alitoka chumbani akichechemea", kutoka kwanza, kuchechemea baadaye. Mwingereza anasema "she limped out of the room", na "out" peke yake imebeba kutoka kote. Mwanafunzi asiyeambiwa hivi ataandika "she went out while limping" mpaka amalize shule, kisha aambiwe Kiingereza chake ni kizito.

Kwa hiyo ninyi mnaotunga hizo orodha, naomba kila neno liandikiwe linamhusu nani, juu ya ardhi gani, akiwa katika hali gani, na msemaji anamwonaje. Liwe na sentensi moja linapofaa na moja linapoharibu. Nafasi isipotosha, punguzeni maneno. Sita yaliyoelezwa yangemtosha kabisa yule mtoto na insha yake ya mazishi.